Nani Aliyeagiza Pilau?

LUSAJO: Ndaga, wasikilizaji. Leo hatuendi jukwaani kwenye uwanja wa Ruanda Nzovwe, tunaenda nyuma yake, kwenye masufuria. Dada Atu, mheshimiwa anakuja Mbeya na msafara, mama lishe wa Mwanjelwa anapigiwa simu: "Tupikie watu mia mbili." Balaa la kutolipwa linaanzia wapi?

ATU: Kwenye hiyo simu yenyewe. Aliyepiga ni mratibu. Mratibu katumwa na katibu wa kamati ya maandalizi, kamati inasubiri fedha za mgombea, na mgombea anaamini alishatoa. Mikono minne hiyo. Chakula kikishaliwa, kila mmoja anamwonyesha kidole mwenzake.

LUSAJO: Na mara nyingi mheshimiwa mwenyewe hajui kama anadaiwa.

ATU: Wapo wasiojua, na wapo ambao hawataki kujua, maana hiyo ndiyo kazi ya wapambe. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu lisiwe "mnataka nyama ya nini?" Uliza, "Mlipaji ni nani, na namba yake ni ipi?" Kisha umpigie huyo mlipaji kabla hujaenda buchani.

LUSAJO: Tupige hesabu ya sufuria.

ATU: Watu 200 wa pilau. Kilo ya mchele inalisha kama watu saba, kwa hiyo ni kilo 30. Nyama, kilo moja kwa watu sita, weka 35. Tuseme mchele wa Kyela ni 3,000 kwa kilo na nyama 12,000. Mchele 90,000, nyama 420,000. Hapo ni 510,000, hujagusa mafuta, vitunguu, mkaa wala wasaidizi watano wa 15,000 kila mmoja.

LUSAJO: Na sahani mmepatana 5,000, jumla milioni moja.

ATU: Ukipokea nusu, yote inaishia dukani na buchani, na elfu kumi ya kwako juu yake. Maana yake wasiporudi, mkaa na wasaidizi umewalipia wewe. Kwenye kazi za siasa nusu haitoshi. Asilimia 70 kabla ya kuwasha moto, iliyobaki wakati wa kupakua, si "kesho ofisini". Kesho ofisini kuna kufuli, msafara uko Tunduma.

LUSAJO: Halafu wanakuja 300.

ATU: Lazima waje! Mratibu alihesabu wajumbe. Hakuhesabu madereva, walinzi, wapiga picha na vijana wa hamasa waliodandia njiani. Na ukiangalia foleni, dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri ndiye anakuta ukoko. Andikeni idadi kwenye makubaliano, na bei ya kila sahani inayozidi. Mratibu aweke mtu wake mlangoni, nawe uweke wako, wahesabu pamoja.

LUSAJO: Muda je? Ratiba inasema saa 7 mchana.

ATU: Ratiba ya msafara isome kama matangazo ya hali ya hewa. Pilau ikiiva saa 7 na wao wakafika saa 11, punje zimevunjika, chini pameungua, na kwa baridi ya Juni hapa kwetu mafuta ya nyama yanaganda juu ya sahani. Halafu huohuo ubovu wa chakula unageuzwa sababu ya kutokulipa. Chemsha nyama, kaanga viungo, supu ikae tayari, lakini mchele usiingie. Wakitokea Makambako, wana vituo vya kusalimia: Igawa, Chimala. Mpe mtu wa msafara namba yako. Akisema wametoka Igurusi, mwaga mchele sufuriani.

LUSAJO: Kuna hili la risiti. "Mama, tuandikie elfu nane kwa sahani, si elfu tano."

ATU: Hicho cha juu ndicho kinachomfunga mpishi mdomo. Ukishasaini kwamba umepokea milioni moja na laki sita, na mkononi una laki tano, utadai nini? Karatasi yako inasema umelipwa kupita kiasi. Mbaya zaidi ni risiti isiyojazwa. Usiitoe hata kwa mjomba.

LUSAJO: Na wakati wa kampeni sheria inaingia hapo.

ATU: Sana. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitengua vifungu vya takrima, yaani ule "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, halafu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayotaka gharama za mgombea zitolewe taarifa. Kwa hiyo andika ukweli wa walaji: "chakula cha watendaji wa msafara." Wakikwambia ulishe mkutano mzima ili watu wakumbuke kwenye kura, hiyo biashara iache.

LUSAJO: Wa spika na maturubai?

ATU: Kwake, muda na mafuta. Amekodishwa kwa muda wa saa nne, anazima muziki kwenye saa ya tisa ya kazi, jenereta imekunywa mara mbili. Aandike bei ya kila saa ya ziada na nani ananunua dizeli. Bodaboda apewe mafuta kabla hajafunga bendera, basi.

LUSAJO: Wakigoma kulipa kabisa?

ATU: Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, shida ni ushahidi. Usifute meseji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua. Na ile picha mheshimiwa ameshika mwiko anakoroga sufuria lako? Wameibandika wenyewe mtandaoni. Ihifadhi pamoja na tarehe, inaonyesha chakula kilikuwepo na nani alikuwepo. Kisha barua ya madai kwa mlipaji, yenye siku 14, ikikwama nenda Mahakama ya Mwanzo. Kule ni Kiswahili kitupu.

LUSAJO: Dereva aliyeajiriwa je?

ATU: Huyo njia yake ni nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa saa 45 kwa wiki, na hata kwa ziada siku isizidi saa 12. Kila saa ya ziada inalipwa moja na nusu ya saa ya kawaida. Aandike kila siku kwenye daftari: saa aliyowasha gari, saa aliyolizima, na kilometa.

LUSAJO: Akifukuzwa baada ya kudai?

ATU: Aende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Kama ni madai mengine, mfano ziada ambayo hakulipwa, siku 60. Wengi wanazimalizia wakisubiri "mzee akirudi kutoka Dodoma."