Hasara ya Kesho kwa Bei ya Leo

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nilinganishe njia za kukabili mabadiliko ya tabianchi kwa jicho la uchumi: ipi inalipa zaidi? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa jedwali. Njia zinapangwa upande mmoja, gharama ya kuzuia tani moja ya hewa ukaa upande wa pili, kisha tunachagua iliyo nafuu. Majedwali hayo nayatumia. Lakini yana upofu mmoja: hayauoni muda.

Chukua hasara ya dola 1,000 itakayotokea miaka 100 ijayo. Kwa leo ina thamani gani? Inategemea kiwango cha punguzo, yaani asilimia tunayoipunguza thamani ya fedha ya baadaye kwa kila mwaka unaotutenga nayo. Kwa asilimia 1.4, hasara hiyo ni kama dola 249. Kwa asilimia 5.5, haifiki hata dola 5! Mafuriko ni yaleyale, watakaofurikiwa ni walewale. Kilichobadilika ni tarakimu tuliyoichagua sisi.

Hapo ndipo walipotofautiana wanauchumi wawili, Nicholas Stern na William Nordhaus. Ripoti ya Stern, iliyotolewa Uingereza mwaka 2006, ilitumia kiwango cha karibu asilimia 1.4. Ikakadiria kuwa kupunguza gesijoto, yaani hewa ukaa na nyinginezo zinazoipasha dunia joto, kungegharimu kama asilimia 1 ya pato la dunia kila mwaka, na kutofanya lolote kungekula asilimia 5 hadi 20. Nordhaus, ambaye mwaka 2018 alipata Nobeli ya uchumi, alisema kiwango hicho ni kidogo mno ukilinganisha na faida ambayo mtaji hupata sokoni. Kwa maoni yake, tuanze polepole, tukaze baadaye. Mimi niko upande wa Stern. Soko hupima subira ya walio hai wenye fedha. Mtoto atakayezaliwa mwaka 2090 hana sauti humo.

Tuje kwenye njia zenyewe. Wanauchumi wengi huipenda kodi ya kaboni, yaani kodi kwa kila tani ya hewa ukaa inayotolewa, nami ni mmoja wao, kwa sababu serikali haihitaji kujua kiwanda kipi kinaweza kupunguza moshi kwa gharama ndogo. Mwenye kiwanda anajua, na kodi inamsukuma atafute. Sweden iliianzisha mwaka 1991. Gesijoto zake zimepungua na uchumi umeendelea kukua. Soko la vibali, ambako viwanda hununua na kuuziana ruhusa ya kutoa gesijoto, lina mantiki hiyohiyo, ila bei yake huyumba: lile la Umoja wa Ulaya lilianza mwaka 2005 kwa kugawa vibali kupita kiasi, na kufikia 2007 bei ilikuwa karibu sifuri.

Ruzuku ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahakikishia wazalishaji wa umeme wa jua bei maalumu kwa miaka 20. Ukihesabu kwa tani, ilikuwa njia ghali mno, na ilikosolewa vikali. Lakini mahitaji yale yalivipa viwanda sababu ya kupanuka, na kadiri vilivyozalisha ndivyo vilivyojifunza kuzalisha kwa bei ndogo. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90, na nafuu hiyo ikawafikia hata wasiochangia senti. Jedwali la mwaka 2000 lisingeweza kuionyesha.

Na kuhimili, yaani kujikinga na madhara ya mabadiliko hayo, je? Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kimbunga Amphan kilipopiga Mei 2020, vifo nchini humo vilihesabika kwa makumi. Tahadhari za mapema, majengo ya kujikinga na maelfu ya watu wa kujitolea ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo. Faida ya namna hii huonekana msimu huohuo, kwa hiyo kiwango kikubwa cha punguzo hakiigusi. Huiangukia njia ya kupunguza gesijoto, ambayo matunda yake huchelewa. Ukizishindanisha hivyo, kuhimili kutashinda kila mara, hali bahari inaendelea kupanda. Na jengo la kujikinga, pamoja na uhai wote linaouokoa, haliondoi chumvi iliyokwisha kuingia shambani.