Kamera ya Mfukoni na Jua la Pwani

SAIDA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena kutoka hapa Mombasa. Leo tunazungumzia kamera ndogo ya dijitali, ile ambayo ukiiwasha lenzi hujitokeza yenyewe. Kaka Omari, kila mtu ana simu. Kwa nini abebe na kamera?

OMARI: Ahsante, dada Saida. Kwangu mimi, sababu ni lenzi. Ukisimama Fort Jesus ukataka kulivuta karibu jahazi lililoko mbali baharini, simu nyingi huikata picha na kuipanua, na hapo ndipo sura huharibika, ilhali lenzi ya kamera hii husogeza vioo vyake na sensa nzima, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ikaendelea kufanya kazi.

SAIDA: Na sensa yenyewe?

OMARI: Hapo ndipo mnunuzi awe macho. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, na ukizibana humo megapikseli 20, yaani nukta milioni 20 za kupokea mwanga, kila nukta hupata mwanga kidogo sana, kwa hiyo picha za usiku katika vichochoro vya Mji wa Kale hujaa chengachenga. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, ambayo eneo lake ni kama mara nne ya hiyo ndogo, na bado inaingia mfukoni.

SAIDA: Mimi linalonigusa zaidi ni mavazi yetu. Kanzu nyeupe za Ijumaa hutoka kana kwamba zimefuliwa kwa maji ya tope, na mabuibui meusi hutoka yamepauka. Wengi huilaumu kamera kwamba ni mbovu.

OMARI: Si mbovu hata kidogo. Kamera hupima mwanga ikichukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Ikikutana na safu ya kanzu huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Ikikutana na mabuibui huona giza, ikauongeza. Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa. Kwa kanzu, jumlisha 0.7 au hata 1, na hiyo 1 maana yake ni kuongeza mwanga mara mbili. Kwa mabuibui, toa kiasi kama hicho, kisha itazame skrini urekebishe.

SAIDA: Na wenye mabuibui waombwe ruhusa kwanza, tena ombi la kweli, si la kuinua kamera huku ukitabasamu.

OMARI: Naam, hilo halina mjadala. Niongeze pia kwamba mtu akiwa kivulini na jua kali liko nyuma yake, iwashe flashi hata kama ni saa sita mchana, mradi asiwe mbali nawe zaidi ya mita mbili au tatu.

SAIDA: Sasa utunzaji, maana hewa ya pwani haina huruma.

OMARI: Adui wa kwanza ni mchanga. Chembe chache zikiingia kwenye mirija ya lenzi, lenzi hukwama, na mara nyingi gharama ya fundi huishinda bei ya kamera. Unyevu nao huotesha kuvu kwenye vioo, kwa hiyo iweke ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi hupata ukungu papo hapo.

SAIDA: Na anayenunua iliyotumika?

OMARI: Aiwashe na kuizima mara kadhaa akisikiliza kama lenzi inakwaruza, kisha aipige picha anga tupu aikuze kwenye skrini atafute madoa. Aulize pia kadi ya kuhifadhia picha, kwa kuwa kamera nyingi za kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi ya SD inayozidi gigabaiti 2, na kadi ndogo kiasi hicho siku hizi ni adimu madukani. Muuzaji akikosa kadi ya kuijaribia palepale, pesa zisitoke.