Jinsi ya kuchagua kibodi ndogo ya vipande viwili kama unachapa Kiswahili

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tunachagua kibodi ya vipande viwili, zile ndogo ndogo, na naongea na wewe unayechapa Kiswahili kutwa nzima, maana ushauri mwingi utakaokutana nao umepimwa kwa Kiingereza.

Kwanza usitoe hela. Chukua karatasi ya A4, weka mkono juu yake kama unachapa, vidole vimejikunja kidogo, weka nukta penye ncha ya kila kidole. Ngoja nisogeze kamera... haya, umeona? Cha kati kiko juu, cha mwisho kimebaki chini huku. Ndo maana kwenye hizi kibodi kila safu ya batani imepanda au kushuka kufuata kidole chake. Kama nukta yako ya kidole cha mwisho iko chini sana, angalia kibodi zinazoitwa Kyria au Ferris Sweep, hizo safu ya pembeni imeshushwa kuliko ya kibodi ya Corne.

Pili, idadi ya batani. Sofle na Lily58 zina 58, mstari wa namba upo juu kama ulivyozoea. Corne ina 42, mstari wa namba hamna, unashikilia batani ya dole gumba herufi zinageuka namba, hiyo ndo leya. Ferris Sweep ni 34 tu, kwenye picha inavutia balaa lakini kama siku nzima unaingiza namba za simu na risiti utaichukia, we chukua 58. Wengine wote mi nawaambia 42 inatosha.

Ukishuka hadi 34 au 36 kuna kitu wengi hawakistukii: herufi zinapata nafasi 30, toa 26 zinabaki nne, na kwa kawaida hizo zinachukuliwa na nukta, mkato, mkwaju na nukta-mkato. Ile alama ya ng'ombe iko wapi? Hamna! Sasa nukta-mkato unaitumia lini wewe, ipeleke kwenye leya, pale weka alama ya ng'. Q na X Kiswahili hakina shughuli nazo ila usizifute, siku ya paswedi utahangaika.

Tatu, na hapa tukae kidogo, ni herufi A. Chapa "wanafanya kazi": herufi 13, A ziko tano. Na hiyo A iko kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, yaani kile dhaifu kabisa, na usifikiri mipangilio mingine ya herufi kama Dvorak ya 1936 au Colemak ya 2006 itakuokoa, imehamisha herufi kibao lakini A imeiacha palepale. Maltron, watengeneza kibodi wa Uingereza, wao waliiweka E kwenye dole gumba, na kwa Kiswahili A ingestahili kiti hicho kabisa, unaweza kujaribu, ila ukirudi kwenye kompyuta ya ofisini vidole vitakuwa vinapapasa.

Kwa anayeanza, A iache ilipo ila usiibebeshe kazi ya pili. Watu wanapenda kuweka Kontroli na Shifti kwenye mstari wa kati, ukigusa ni herufi, ukishikilia ni Kontroli, na QMK, ile programu inayokaa ndani ya kibodi, kwa kawaida inasubiri milisekunde 200 kabla haijaamua. Sasa andika "asante" A ikiwa na Kontroli, kidole kikichelewa tu kutoka kompyuta inasoma Kontroli na S, linakurukia dirisha la kusevu. Weka Shifti na Kontroli kwenye madole gumba, basi.

Nne, jaribu bure. Kuna programu inaitwa Kanata, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, unaitengenezea leya kwenye laptop yako hiyohiyo. Chapa nayo mpaka namba zije bila kufikiria, ukiona unaisonya kila dakika basi rudi kwenye 58.

Ukinunua isiyo na waya utakutana na ZMK badala ya QMK. Yenye waya, angalia inakubali Vial, programu ya kupangia batani, utabadilisha mpangilio papo hapo bila kugusa kodi ya programu. Na ule waya wa kuunganisha vipande, wenye jeki kama ya hedifoni, usiuchomoe umeme ukiwa unapita, unaweza kupiga shoti. Ukiwasha, vipande kwanza halafu USB. Ukizima, USB ndo inatoka kwanza.