Baruti ya Haraka kwa Risasi Laini

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kemia na wageni wao, Dodoma. Nimeuandika kama nilivyousema, pamoja na maswali.)

Mbukwenyi! Na wale mliokuja kutoka pwani, habari za safari, karibuni kwenye vumbi letu.

Nimeombwa nizungumzie baruti, nami nimeamua kubana somo liwe dogo: kwa nini mtu anayejaza risasi za bastola kwa mkono, tena za kumimina kwenye kalibu, huchagua baruti hii na kuiacha ile. Najua mnajiuliza linatuhusu nini sisi watu wa uwele na zabibu. Ngoja tuanze na lugha. Kwa Kiswahili risasi ni madini, na risasi ni kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu. Waliotupa neno hilo hawakuona haja ya kutenganisha, maana enzi zao kilichoruka kilikuwa madini hayo na si kingine. Na mzinga je? Ukiutaja Manyoni au Itigi watu wanafikiria nyuki. Ukiutaja Morogoro wanafikiria shirika linalotengeneza risasi. Hao nyuki msiwasahau, watarudi.

Babu yangu kule Bahi alikuwa na gobole la kufukuzia nguruwe na nyani shambani. Alimimina baruti kutoka kwenye pembe, akasokomeza kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akaweka gololi, akashindilia tena. Akifyatua, humuoni babu, humuoni nguruwe. Unasubiri moshi upite ndipo ujue kama leo kuna kitoweo, au kuna mzee aliyekasirika tu. Ile ilikuwa baruti nyeusi: shura, makaa na salfa. Kasoro yake kubwa ni kwamba ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki chembe chembe: nusu moshi hewani, nusu masizi ndani ya mtutu. Nilitumwa kuosha lile gobole kwa maji ya moto, na harufu yake ni ya yai viza.

Moshi ule umewahi kuwasaliti watu vitani. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, akitumia pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel. Lakini Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871 za baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alijipandishia wingu jeupe juu ya kichwa. Walishinda vita ile, lakini si kwa sababu ya bunduki zao.

Turudi kwenye kemia. Baruti isiyo na moshi haina sifa ya "nguvu" kama watu wanavyodhani. Sifa yake ya kwanza ni kasi ya kuungua. Mama akitaka kuchemsha chai haraka anawasha mabua ya mtama: yanawaka mara moja, yameisha. Akitaka kupika makande anaweka gogo la mgunga. Moto ni moto, ila kazi mbili. Watengenezaji hufanya hivyohivyo. Baruti ya vipande vyembamba kama pumba huungua haraka kwa sababu uso wake ni mkubwa kuliko tumbo lake. Ya vijiti vinene, vilivyopakwa dawa ya kuchelewesha moto, huungua taratibu. Na kuna jambo linaloitofautisha na kuni: presha, au kanieneo kama mlivyofundishwa shule ya msingi, ikipanda, baruti huungua haraka zaidi, na ikiungua haraka presha inapanda tena. Ni moto unaojilisha wenyewe. Hilo liandikeni, maana ajali nyingi zinatoka hapo.

Mtutu wa bastola una sentimita kumi, kumi na tano. Risasi ikishaondoka, gesi inayozaliwa nyuma yake haimsaidii mtu. Baruti ya taratibu humo itatoka nje bado inawaka: mwanga mkubwa, kelele, punje zisizoungua zimetapakaa, na risasi yenyewe imekwenda kichovu. Kwa hiyo bastola hutaka baruti ya mabua. Bullseye, ya Kimarekani, imekuwa sokoni tangu mwaka 1898 na bado inauzwa. Sijui bidhaa ngapi za dukani kwenu zina umri huo.

Hadi hapo ni rahisi: mtutu mfupi, baruti ya haraka. Mimi niliishia hapo kwa miaka mingi nikifundisha, hadi nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu. Mkwe wangu hujaza risasi kwenye banda la gari, kazi halali kule, wengine wanaifanya kama sisi tunavyofuga kuku. Anaokota maganda ya shaba aliyokwisha kuyapiga, anatia fataki mpya, yaani kile kidude cha kuwasha baruti, anapima baruti, anakaza kichwa cha risasi alichokimimina mwenyewe. Anatumia risasi za bastola za aina ya .38 Special. Nikamuuliza, kama mwalimu anayejua jibu, unachagua baruti kwa kasi yake, siyo? Akacheka. Akachukua ganda tupu akanionyesha ndani.

Ganda lile lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi, ambayo ilijaa hadi juu. Baruti ya leo ya haraka, kipimo chake kamili kinakaa chini kabisa, kama chai iliyobaki kwenye kikombe cha mgeni mwenye haraka. Nafasi iliyobaki inatosha kipimo cha pili, na hata cha tatu. Mtu akiitwa na mkewe, au simu ikilia, akirudi akajaza ganda lilelile tena, macho hayamwambii kitu. Kisha mkumbuke ule moto unaojilisha. Kipimo mara mbili hakileti presha mara mbili, kinapasua bastola. Rafiki mmoja wa mkwe wangu ana kidole kifupi.

Ndiyo maana nasema, na hapa wengi waliozoea kazi hii watanibishia, kwamba baruti nzuri ni ile ambayo kosa lake linaonekana. Kasi ije ya pili. Kuna baruti iitwayo Trail Boss, iliyokuwa ikitengenezwa kwa vipete vidogo vyenye tundu katikati, nyepesi na yenye kuchukua nafasi, makusudi kwa risasi za kumimina zinazokwenda polepole. Ukimimina kipimo mara mbili, inamwagika mezani. Wapo wanaoidharau kwa sababu haiipi risasi mwendo mkubwa na kopo linaisha upesi. Ni kweli inaisha upesi. Kidole je?

Mawazo hayohayo yapo kwenye maganda. Mwaka 1935 ilipotoka .357 Magnum, yenye kipenyo sawa na .38 Special lakini ikiruhusiwa presha mara mbili, ganda lake lilirefushwa kama milimita tatu ili lisiingie kwenye bastola za zamani. Aliyebuni alijua watu hawasomi maandishi.

Sasa risasi yenyewe, maana baruti huchaguliwa pamoja na madini. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na ni laini, unaikwaruza kwa ukucha. Ukiisukuma haraka mno, mtutu unabaki na utando wa madini, mpaka michirizi yake ya ndani izibe. Kila anayeanza huona jibu moja: ongeza madini ya stani na antimoni, iwe ngumu. Mkwe alinionyesha vyuma vya zamani vya herufi za mitambo ya kuchapia magazeti: risasi asilimia 84, antimoni 12, stani 4, ngumu mara nne ya risasi safi. Akazimimina, akazipiga kwa baruti kidogo. Mtutu ukachafuka kuliko mwanzo!

Mnaona sababu? (Kijana mmoja mbele: "Gesi inapita pembeni.") Huyu apewe soda. Presha ndogo haiwezi kuibana risasi ngumu ikatanuka na kuziba mtutu. Gesi ya moto inapenya pembeni, inaichonga kama maji yanavyochonga korongo, na kilichochongwa kinaganda mbele. Risasi laini ingetanuka kidogo na kuziba. Kwa hiyo ugumu wa madini na presha ya baruti vinaoana kama mume na mke: mmoja akiwa mkali mno kwa mwenzake, nyumba inachafuka. Baruti pole, risasi laini. Baruti kali, risasi ngumu, na pengine kikofia cha shaba kitakoni. Kipenyo nacho kizidi cha mtutu kwa unywele.

Na nyuki wamerudi. Risasi ya kumimina ina mifereji kiunoni, na ndani yake hupakwa mafuta ili iteleze. Kiungo cha msingi tangu zamani ni nta. Mkwe alinunua kipande kidogo kama sabuni ya hotelini kwa bei ambayo nikimtajia mfugaji wa nyuki wa Itigi, atahama.

Maswali.

("Mwalimu, kuna majedwali yanayopanga baruti kwa kasi. Si unaweza kutumia iliyo jirani?") Hapana. Jedwali linakupa foleni, halikupi umbali kati ya mtu na mtu kwenye foleni. Wajuzi hufuata kitabu cha mtengenezaji kwa baruti ileile, huanza chini, na huweka kopo moja tu mezani. Maganda yote yakishajazwa wanayamulika kwa tochi, moja moja.

("Tunaweza kufanya jaribio hapa chuoni?") La kuungua kwa mabua, ndiyo. Risasi, hapana. Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, isomeni. Na mnaofahamiana na mafundi wanaoyeyusha risasi za betri kwenye sufuria nyuma ya gereji, waambieni waache. Takataka za betri zinaweza kutoa gesi ya arseniki, na vumbi la risasi linaingia kwa watoto kupitia mikono ya baba.

("Gobole la babu liko wapi?") Baba alilisalimisha polisi mwenyewe, kwa hiari, akapewa asante. Pembe ya baruti hakuna aliyeiuliza. Iko nyumbani Bahi, shangazi anahifadhia ugoro.