Kosa la Idril ni Lipi?

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi hapa Kigoma, na kila nikilisema kijana mmoja husimama: "Mwalimu, Waelfi wale walijitakia wenyewe." Anawasema Noldor, ukoo wa Waelfi katika The Silmarillion, kitabu cha hadithi za kubuni cha J.R.R. Tolkien, waliofungiwa nchi yao takatifu ya Valinor. Leo namjibu kabla hajasimama.

Habari za Morgoth, bwana wa uovu, kuiba Silmarili, vito vya nuru alivyovitengeneza Fëanor wa Noldor, na kukimbilia navyo Dunia ya Kati, ng'ambo ya bahari, mnazijua; kiapo cha Fëanor na wanawe saba cha kuvirudisha mnakijua. Twendeni moja kwa moja bandarini Alqualondë. Noldor walizitaka merikebu za Teleri, Waelfi wa ukoo mwingine, ili wamfuate Morgoth; wenyewe wakakataa, damu ikamwagika. Hapo sina ubishi, aliyeua ameua. Ninachokibishia ni hukumu aliyoitamka baadaye Mandos, mwamuzi wa wakuu wa Valinor. Haikuuliza nani alishika upanga. Aliyeua, aliyefuata nyuma asione kitu, mama mwenye mtoto, wote waliambiwa mamoja: mkiendelea na safari, Valinor imefungwa kwenu, na mkifa msitarajie huruma.

Mtasema mlango wa toba ulikuwa wazi, kwani Finarfin, ndugu wa Fëanor, alirudi na akasamehewa. Kweli alirudi. Wanawe je? Hawakurudi kwa sababu hawakutaka kuwatupa wana wa Fingolfin, ndugu mwingine wa baba yao, waliokua nao. Nani kati yenu angemwacha binamu yake njiani gizani?

Kisha Fëanor, aliyevuka kwanza na kuwaacha wengine nyuma, akazichoma merikebu kule Losgar, pwani ya Dunia ya Kati. Fingolfin na watu wake waliuona ule wekundu wa moto mbali, chini ya mawingu, wakajua wameachwa. Wakashika njia ya Helcaraxë, bahari ya barafu ya kaskazini, kwa miguu, barafu juu, maji chini. Humo ndimo alimopotelea Elenwë, mke wa Turgon mwana wa Fingolfin. Turgon nusura afe naye katika maji yale, akaweza kumwokoa binti yao tu, Idril, aliyekuwa bado mdogo. Sasa nionyesheni kosa la Idril. Nangoja! Alimchinja nani? Alimwapia nani? Mama yake amebaki chini ya barafu, naye anafika ng'ambo akiwa tayari amehukumiwa.

Nilipokuwa nafundisha Ulyankulu, kule Tabora, jirani yangu alikuwa bibi aliyekimbia Burundi mwaka 1972 na mtoto mgongoni, mtoto hajaota hata jino. Mtoto yule alikua, akaoa, akapata wajukuu, na muda wote huo jina lake ni mkimbizi. Mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa kundi lile. Bibi alikifunga cheti chake kwenye mfuko wa nailoni, akakilaza sandukuni chini ya vitenge. Siku moja nilimkuta amekitoa. Hajui kusoma, lakini alikuwa anapitisha kidole juu ya jina lake, polepole, mwanzo mpaka mwisho, kisha anarudia.

Kuna watakaoniambia nisichanganye hadithi na maisha ya watu. Mimi nasema anayesoma hadithi ile bila kumfikiria yule bibi, hajaisoma.

Tena hukumu yenyewe haikusimama kama ilivyotamkwa. Finrod, mwana wa Finarfin, alikwenda na Beren, binadamu, kwa sababu ya ahadi aliyompa baba wa Beren, akafungwa shimoni mwa Sauron, mtumishi wa Morgoth. Mbwamwitu alipokuja kumla Beren, Finrod alikata minyororo, akamuua mnyama yule kwa mikono na meno, naye akafa kwa majeraha. Mandos alisema wafu wao watakaa sana katika kumbi zake. Lakini tunaambiwa Finrod sasa anatembea na baba yake chini ya miti ya Eldamar, makao ya Waelfi huko ng'ambo. Kumbe hukumu iliweza kumtazama mtu mmoja mmoja! Kwa nini haikufanya hivyo tangu mwanzo?

Naona muda unanibana. Galadriel, dada wa Finrod, mnamjua, aliikataa Pete ya Sauron, akapanda merikebu kurudi ng'ambo. Tolkien mwenyewe aliibadilisha habari yake, na mwaka 1973, karibu na kifo chake, alikuwa anaandika kwamba hakuwa na hatia. Msamaha wa baada ya Vita vya Ghadhabu, vilivyomwangusha Morgoth, tutauzungumza siku nyingine, na Teleri waliosamehe, ambao kwangu ndio wakubwa kuliko wote. Maglor, mwana wa Fëanor, naye simfikii leo.

Ila Gil-galad sitamruka. Alizaliwa huku Dunia ya Kati, akawa mfalme mkuu wa mwisho wa Noldor huku, akafa akipigana na Sauron. Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga Valinor. Ninyi mnaosema walijitakia, huyu naye mnamwita mhamishwa kutoka wapi?