Siku Moja ya Ofisi: Kinachomsaidia Kweli Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi Ayalandi

Walimu wakuu, maofisa elimu, na ninyi mnaosomea uongozi wa shule, habari za asubuhi.

Tuanzie ndani ya chumba kimoja. Ni shule ya kijijini, magharibi mwa Ayalandi, ina walimu wawili tu. Elimu ya msingi kule ina madarasa 8: mawili ya wadogo, wanaoanza wakiwa na miaka minne au mitano, halafu la kwanza hadi la sita. Mwalimu mmoja amebeba wadogo hadi la pili. Mwenzake ana la tatu, la nne, la tano na la sita, wote humo humo. Huyu ndiye mwalimu mkuu. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi yuko ubaoni, anawafundisha la tano hesabu za sehemu, la tatu wanasoma kimya, la sita wanaandika insha. Simu ya ofisini inalia. Karani huja siku chache kwa wiki, na leo si siku yake. Aiache ilie? Huenda ni fundi wa boila, huenda ni mzazi mwenye hasira, huenda ni ofisa wa ulinzi wa mtoto. Akitoka, watoto wa madarasa manne wanabaki wenyewe.

Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya walimu wakuu wa shule za msingi za Ayalandi wamefanya kazi hivyo: wanafundisha kutwa, na ukuu wa shule wanaubeba pembeni. Wengine, wa shule kubwa, hawana darasa. Ofisi ndiyo kazi yao. Kinachoamua ni idadi ya wanafunzi. Leo nitawazungumzia zaidi hawa wa kundi la kwanza, kwa sababu kwao ndipo neno "kumsaidia mwalimu mkuu" linapimwa. Na msimamo wangu niuweke wazi mapema: semina, mwongozo na maneno mazuri hayafiki mbali kama mtu hana saa za kuyatumia.

Kwanza tuone amebeba nini. Hapa kwetu mwalimu huajiriwa na serikali na kupangiwa kituo. Kule serikali hulipa mshahara wa mwalimu, lakini mwajiri wake kisheria ni bodi ya shule. Shule yenyewe ina mdhamini, yaani taasisi inayoilea, na shule karibu tisa katika kila kumi mdhamini wake ni Kanisa Katoliki. Bodi ya kawaida ina wajumbe 8: wawili wa mdhamini, wazazi wawili waliochaguliwa (mama mmoja na baba mmoja), mwalimu mkuu, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, na wawili kutoka kwenye jamii. Wanakaa miaka minne, na hawalipwi. Sheria ya Elimu ya 1998 inampa mwalimu mkuu uendeshaji wa kila siku na kumfanya awajibike kwa bodi hiyo.

Kwenye karatasi bodi ndiyo inayoajiri, inayosimamia fedha, inayojibu malalamiko. Kwa vitendo, mwenyekiti anaweza kuwa padri mwenye parokia tatu, na mweka hazina ni mkulima anayepata nafasi usiku. Barua ya tangazo la kazi inaandikwa na nani? Mwalimu mkuu. Ajenda ya kikao? Yeye. Bima, paa linalovuja, chakula cha moto cha mchana, basi la wanafunzi, yote yanapitia mezani kwake. Mwaka wa masomo 2023/2024 serikali ilianza kutoa vitabu bure kwa shule za msingi, kwa kiwango cha euro 96 kwa kila mwanafunzi. Jambo jema sana kwa wazazi. Lakini orodha, zabuni, kuagiza, kuhesabu na kugawa vilifanyika shuleni, na katika shule ya walimu wawili mnajua ni mikono ya nani.

Sasa tuje kwenye siku ya ofisi.

Mwalimu mkuu anayefundisha hupewa siku kadhaa kwa mwaka ambazo mwalimu mwingine analishika darasa lake naye anakwenda ofisini. Mwalimu huyo analipwa na Wizara ya Elimu. Zamani siku hizi zilikuwa chache na zilitofautiana kwa ukubwa wa shule. Chama cha walimu, INTO, kilichoanzishwa 1868, na mtandao wa walimu wakuu wa shule za msingi, IPPN, walipiga kelele miaka na miaka: tupeni siku moja kwa wiki. Ilipofika UVIKO-19 mwaka 2020 na shule zikatakiwa kufunguliwa kwa masharti mazito, siku hiyo ilitoka. Baadaye ikabaki. Leo kiwango ni siku 37 kwa mwaka.

Tatizo la kwanza ni la kibinadamu: nani atakuja kushika darasa kwa siku moja tu ya wiki, kijijini, kilomita nyingi kutoka mjini? Walimu wa muda ni adimu. Ukimtafuta leo wa kesho, humpati, na siku inapotea. Dawa waliyoipata ni klasta. Shule tano jirani zinaunganisha siku zao: 37 mara tano ni 185. Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku zipatazo 183. Kwa hiyo mnapata mwalimu mmoja wa kudumu wa mwaka mzima, mwenye ajira kamili. Shule moja inakuwa kituo chake, inamwajiri na kushughulikia karatasi zake. Yeye anazunguka, Jumatatu hapa, Jumanne kule.

Panapoharibika ni hapa. Shule iliyopewa Jumatatu hupunjwa, kwa sababu sikukuu nyingi za umma za Ayalandi huangukia Jumatatu: kuna ya Februari, ya Mei, ya mwanzo wa Juni, zote ndani ya muhula. Klasta zenye busara huandika mapema kabisa, kabla ya Septemba, kwamba Jumatatu zilizopotea zitafidiwa kwa siku za shule nyingine, au zamu itageuzwa kila muhula. Zisizoandika hugombana ifikapo Mei. Kosa jingine: mwalimu anayezunguka akiugua, shule zinamtaka mwalimu mkuu arudi darasani, na hakuna anayekumbuka kuidai siku hiyo. Weka daftari dogo tu, tarehe kwa tarehe, za siku zilizotumika na zilizobaki.

La tatu ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mwalimu wa siku anakuja, anauliza, "Nifundishe nini?" Basi mwalimu mkuu anakesha usiku wa kuamkia siku hiyo akiandaa kazi za madarasa manne. Saa alizopewa mchana amezilipa usiku. Njia bora ni kumpa mwalimu huyo somo lake mwenyewe kwa mwaka mzima: sayansi, sanaa na mazoezi ya mwili, kwa mfano. Aandae yeye, asahihishe yeye, na ajaze ripoti za masomo hayo yeye. Mwalimu mkuu akiondoka darasani, ameondoka kweli.

Na siku hiyo ya ofisi iwe ya ofisi kweli. Siku ya shule ina urefu wa saa tano na dakika arobaini, na wadogo huondoka saa moja kabla ya wenzao. Ukitoa mapumziko na zamu ya uwanjani, zinabaki kama saa tano. Mwalimu mkuu akiingia bila orodha, saa hizo zitaliwa na mlango: huyu anataka ufunguo, yule ameumia goti, dereva wa basi anataka neno moja. Wanaofaulu huifunga nusu ya kwanza ya asubuhi kwa kazi moja nzito ya msimu. Septemba ni takwimu za wanafunzi, kwa maana idadi ya tarehe 30 Septemba ndiyo inayopanga walimu wa mwaka unaofuata. Katika shule ndogo mtoto mmoja aliyesahauliwa kwenye mfumo anaweza kuipotezea shule mwalimu. Kabla ya mwisho wa Februari ni hesabu za fedha za mwaka ulioishia 31 Agosti, zinazopelekwa FSSU, kitengo kinachosaidia shule katika mambo ya fedha. Majira ya kuchipua ni usajili na mgao wa walimu.

Saa moja kati ya hizo tano itengwe kwa kitu kisicho na tarehe ya mwisho: kukaa nyuma ya darasa la mwenzako na kutazama watoto wanavyosoma. Mwongozo wa ubora wa shule wa Ayalandi, uliotolewa 2016 na kurekebishwa 2022, unagawa uongozi katika maeneo manne, na la kwanza kabisa ni kuongoza ufundishaji na ujifunzaji. Ndilo linaloachwa la mwisho kila wiki, maana hakuna anayelipigia simu kulidai.

Kuhusu mafunzo nitakwenda haraka. Tangu Septemba 2023 huduma za kuwaendeleza walimu, pamoja na kituo cha uongozi wa shule kilichokuwapo kabla, ziko chini ya taasisi moja, Oide. Mwalimu mkuu mpya hupata programu iitwayo Misneach, neno la Kiayalandi lenye maana ya ujasiri, na jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Pia anapewa mlezi: mwalimu mkuu mzoefu wa shule nyingine, aliyefunzwa kwa kazi hiyo, asiyepeleka habari kwa bodi wala kwa Wizara. Usiri huo ndio wenye thamani. Mpya anaweza kumuuliza, "Hivi hati ya malipo inajazwaje?" bila kuona aibu. Aliyekaa miaka hupata kocha, na hawa wawili wasichanganywe: mlezi anakupa uzoefu wake, kocha anakuuliza maswali mpaka upate jibu lako. Mlezi anayekosea ni yule anayehamisha jibu la shule yake ya walimu 16 na kulibandika kwenye shule ya walimu wawili.

Kugawana madaraka nako kuna mipaka yake. Machi 2009, wakati wa mdororo wa uchumi, Ayalandi ilisimamisha ujazaji wa nafasi za uongozi wa kati shuleni, na ikaanza kulegeza mwaka 2017. Katika miaka hiyo minane kila aliyestaafu aliacha kazi zake, na zikapanda juu kwa mwalimu mkuu. Nafasi ziliporudi, shule nyingine zilizigawa kama zamani: wewe maktaba, wewe jezi. Nafasi ya uongozi inafaa ibebe kitu kizima, tuseme kusoma na kuandika kwa shule nzima, tangu takwimu hadi kikao cha wazazi, ili mwalimu mkuu asiwe na haja ya kukigusa.

Lipo jambo moja lisilosubiri siku ya ofisi, nalo ni ulinzi wa mtoto. Kwa kawaida mwalimu mkuu ndiye mtu aliyeteuliwa kushughulikia taarifa hizo, na naibu wake ndiye wa pili. Tangu 11 Desemba 2017 kila mwalimu aliyesajiliwa anabanwa na sheria kutoa taarifa. Mtoto akisema neno, mwalimu anasikiliza, hamhoji kama polisi, hamwahidi siri, anaandika maneno ya mtoto yalivyo, anayapeleka kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Jambo likifikia kiwango cha sheria, mwalimu na mwalimu mkuu wanatuma taarifa kwa pamoja kwa Tusla, wakala wa mtoto na familia. Mwalimu hawezi kusema "nimeshamwambia mkuu" akadhani ameutua mzigo. Wajibu unabaki wake. Wakiwa na shaka, wanaomba ushauri Tusla bila kutaja jina la mtoto. Mwalimu mkuu akiamua kutotuma, anampa mwalimu sababu kwa maandishi, na mwalimu bado anaweza kutuma mwenyewe. Hatari ikiwa ya papo hapo na Tusla hawapatikani, wanapigiwa polisi, Garda.

Kila kikao cha bodi lazima kipokee ripoti ya mwalimu mkuu juu ya taarifa hizi, majina yakiwa yamefutwa na kila mtoto kupewa namba. Kosa la kawaida katika shule ndogo ni kufuta jina na kuacha darasa na umri. Kijijini watoto wa kiume wa darasa la sita wako wawili, umeshamtaja.

Sasa rudini kwenye kile chumba cha asubuhi. Taarifa kama hii ikija saa nne, nani anasimama mbele ya madarasa manne? Jibu liandikwe kabla. Shule za walimu wawili hupanga kwamba watoto wote wanaingia chumba kimoja chini ya mwalimu wa pili, na kazi ya dakika arobaini imeshafungwa kwenye bahasha kabatini. Na taarifa hiyo ikimhusu mtoto wa darasa la mwalimu wa pili, hesabu inageuka, kwa kuwa wote wawili wanahitajika ofisini. Hapo huhitajika jirani wa kuitwa, mwenye ukaguzi wa polisi uliokamilika tayari, asiye mbali zaidi ya mwendo wa gari wa dakika kumi na tano. Namba yake iwe ukutani kando ya simu, na mtu wa kuipiga awe ameshajulikana.