Waraka wa Askofu Unapotelea Wapi Kabla ya Kufika Jumuiyani

Mhadhara kwa viongozi wa walei, Dar es Salaam

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista, makatekista, wenyeviti wa halmashauri walei, na ninyi viongozi wa jumuiya mliofunga biashara ili mje hapa: mada niliyopewa ni ndefu, “Uongozi wa kichungaji wa askofu katika nyakati zinazobadilika.” Nitaipunguza. Nitazungumzia waraka wa kichungaji tu, yaani barua rasmi ya askofu kwa waamini wake, na safari yake kutoka meza ya askofu hadi kwenye mkeka wa jumuiya. Askofu akiona nyakati zimegeuka, anaandika. Waraka ukifia njiani, tunabaki tulipokuwa.

Kwanza tulitazame jiji. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na jiji limetanuka kuelekea Chanika, Goba, Bunju na Kigamboni. Sasa kumbukeni msingi wetu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1973, na kukazia tena mwaka 1976, kwamba Kanisa la huku kwetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya familia jirani wanaosali pamoja, walimtegemea jirani: watu wanaojuana kwa nyumba na kwa misiba. Jirani wa leo anaweza kuwa mpangaji wa miezi 6. Jina lake liko kwenye daftari la Tandale, yeye analala Chanika, na Chanika hakuna anayemjua. Waraka wowote unaosema “kila mwamini kupitia jumuiya yake” umeshamwacha huyo nje.

Tuje kwenye kuusoma. Ukurasa wa A4 una maneno kama 400. Msomaji mtulivu, kwenye spika zenye mwangwi, husoma maneno kama 100 kwa dakika. Waraka wa kurasa 6 basi ni dakika 24. Misa ya kwanza imeanza saa 12:00, ya pili ni saa 2:00. Ukiweka waraka juu ya mahubiri, matoleo, matangazo ya ndoa na mchango wa ujenzi, wa Misa ya pili wanasubiri juani huku magari ya wa kwanza yamezibiwa njia. Paroko anafanya nini? Anafupisha papo hapo. Misa ya kwanza wanasikia kurasa zote, ya pili wanasikia nusu, ya tatu wanaambiwa “mtausoma jumuiyani.” Jumuiyani nakala haipo. Simlaumu Paroko, kosa limefanyika mezani, siku ya kuandika.

Dawa yake ni kuandika mara mbili. Kurasa 2 za kusomwa mimbarini, zenye jambo moja na tarehe zake. Waraka kamili ugawanywe sehemu 4, kila sehemu Jumamosi moja ya jumuiya, na maswali yasiyozidi 3. Nakala zifike parokiani wiki 2 kabla, ili katekista asikutane na maneno mapya mbele ya watu. Na jamani, msipange kuusoma Jumapili ya mavuno.

Kuna nyaraka za bandia pia, zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Tazameni namba ya kumbukumbu, tarehe, muhuri na sahihi. Tendo la ofisi ya jimbo lenye nguvu ya kisheria husainiwa na mwenye mamlaka, na pia na kansela (mtunza nyaraka wa ofisi ya jimbo) au notari (mthibitishaji wa nyaraka). Ndiyo kanuni ya 474 ya Sheria za Kanisa, na kanuni zote nitakazotaja zimo humo. Picha iliyokatwa juu na chini isisomwe kanisani, hata kama aliyeituma ni mzee wa heshima.

Sasa nifike panapouma. Ndani ya waraka mmoja huwa kuna maneno ya uzito tofauti: sheria, agizo la utekelezaji, na wito au ushauri. Jimboni mtunga sheria ni askofu peke yake (kanuni 391 na 466); halmashauri zinamshauri. Sheria yake mpya huanza kushika mwezi mmoja baada ya kutangazwa, isipokuwa yeye ametaja muda mwingine (kanuni 8). Wala hawezi kutunga inayopingana na sheria ya juu yake (kanuni 135). Askofu akiandika “nawahimiza wote mshiriki jumuiya,” huo ni wito. Neno hilo likipita kwenye kanda na kigango, likifika mtaani limekuwa “asiyesali jumuiya hazikwi.” Hapo wito umepandishwa cheo kuwa adhabu, na aliyeupandisha ni mwenyekiti mwenye daftari la michango.

Someni kanuni ya 1184. Wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa ni walioasi imani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana wazi. Waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo. Na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Pakiwa na shaka anaulizwa askofu au makamu wake. Uvivu wa jumuiya haumo. Deni la zaka halimo. Na kanuni ya 18 inasema sheria inayobana haki ifasiriwe kwa ufinyu, yaani tusiiongezee tawi.

Natambua hoja yenu: bila kubana kidogo, watu hawaji. Ni kweli jumuiya inabeba msiba, na asiyebeba wa wenzake anategemea wa kwake ubebwe. Lakini msibani mnayemwadhibu ni mjane, marehemu hasikii. Mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na mama wa soko la Ilala hawaipati Jumamosi asubuhi. Wafungulieni jumuiya ya Jumapili jioni kabla ya kuwaita wazembe. Na mwenyekiti akiona tatizo, aandike kwa Paroko mtu angali hai.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Kamati ya fedha ya parokia ni ya lazima kisheria (kanuni 537), na maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake (kanuni 848). Malipo ya simu yaingie kwenye namba ya parokia, kamwe si ya mweka hazina binafsi.

La mwisho ni majibu. Baada ya Jumamosi ya nne kila jumuiya ijaze karatasi moja: tumeelewa nini, nini hakiwezekani kwetu na kwa nini, nani afanye nini kufikia tarehe gani. Chini yake iachwe nafasi ya waliohama, wamekwenda wapi, ili katibu wa parokia awaandikie wenzake wa huko. Karatasi ziwe kwa Paroko ndani ya siku 7, na kwenye dekania, yaani kundi la parokia jirani, ndani ya siku 14. Fomu za mfano ziko mezani pale mlangoni. Kila kigango kichukue 20.